Machicha ya bia yanaoza kabla hayajaisha: je, yanaweza kuwekwa sileji?

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama mfugaji hapa Arumeru, nina ng'ombe watatu wa maziwa. Wawili wanakamuliwa, mmoja ana mimba ya miezi sita. Tunachanga majirani wanne tunaleta machicha ya bia kwa Canter, lakini siku ya nne tayari yanatoa harufu na kuota ukungu, nusu tunamwaga. Mwezi wa nne nilichimba shimo, nikatandika nailoni, nikajaza machicha matupu na kufunika vizuri. Nilipofungua baada ya wiki tatu harufu ilinishinda. Chini kulikuwa na maji ya njano, juu ukungu. Ng'ombe mmoja alikula kidogo akaacha, na maziwa yakashuka kwa siku kadhaa. Jirani ananiambia machicha yana pombe, yanalewesha ng'ombe na kutoa mimba. Mwingine anasema tatizo ni kwamba sikuweka urea na chumvi. Karibu yetu pia kuna wakamua juisi wanaotupa maganda ya nanasi magunia kwa magunia. Je, machicha yanawekwa sileji kweli, na hayo maganda yana faida yoyote?"*

Marahaba, mama. Machicha yanawekwa sileji, yaani yanachachushwa na kuhifadhiwa mahali pasipo hewa, na ikitoka vizuri inakaa miezi. Ila hayawekwi peke yake. Kwa jinsi ulivyoeleza, kufunika hukukosea. Ulilolikosa ni ulichokifunika: mzigo uliojaa maji na usio na sukari. Mzigo wa namna hiyo hata ukiuzika kwenye shimo la zege utavunda. Na maganda ya nanasi uliyoyataja mwishoni kama jambo la pembeni ndiyo yanayoweza kukuokoa, nitayafikia.

Nianze na jirani wa pombe, kwa sababu hofu yake ikieleweka na mengine yatanyooka. Kiwandani shayiri huoteshwa kidogo, hukaushwa ikawa kimea, husagwa, kisha hulowekwa kwenye maji ya moto. Humo wanga wa punje hugeuka sukari. Maji yale matamu huchujwa na kwenda upande wa kutengeneza bia. Yanayobaki kwenye chujio ndiyo machicha yanayopakiwa kwenye Canter yenu. Hamira, ambayo ndiyo inayoleta pombe, huwekwa baadaye, kwenye yale maji. Kwa hiyo machicha ya kiwandani yanatoka kabla pombe haijakuwepo. Ng'ombe hatalewa.

Jirani yako lakini hajatunga. Machicha ya pombe za kienyeji kama komoni ni kitu kingine. Hayo huchujwa pombe ikiwa imekwisha kuchacha, kwa hiyo yana kilevi na hamira hai, na nimeona ng'ombe aliyepewa ndoo nzima akiyumba kweli. Hayo mpe kidogo sana au usimpe kabisa, na mwenye mimba asiyaguse. Watu wanachanganya haya mawili kwa sababu yote yanaitwa machicha.

Sasa tazama: kiwanda kimeondoka na sukari. Kwenye machicha kimekuachia protini, robo hivi ya uzito wake ukiondoa maji, pamoja na nyuzinyuzi za maganda ya punje na mafuta kidogo. Ni chakula kizuri kwa ng'ombe anayekamuliwa. Lakini sileji haitengenezwi na protini. Inatengenezwa na bakteria wadogo ambao tayari wapo kwenye majani na punje, wanaokula sukari mahali pasipo hewa na kutoa asidi ya laktiki, ileile inayoufanya mtindi uwe mchachu. Asidi hiyo ikijaa vya kutosha, pH (kipimo cha uchachu, kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) ikashuka hadi 4 au juu yake kidogo, kila kitu humo ndani kinasimama. Hakuna kinachooza tena mradi hewa haijaingia.

Bakteria hao wakikosa sukari, asidi haitoshi, na nafasi inachukuliwa na kundi lingine liitwalo klostridia. Hao wanapenda unyevu na hawahitaji hewa. Wanaishambulia protini yenyewe na kuacha harufu ya samli iliyochina iliyochanganyika na ya mkojo. Nadhani ndiyo iliyokukimbiza pale shimoni. Machicha yanapofika kwako, kati ya kila kilo 100, kilo 75 hadi 80 ni maji. Ukiyarundika, uzito wake wenyewe unayakamua, maji yanatuama chini, na klostridia wanapata makazi. Yale maji ya njano, kwa bahati mbaya, yalikuwa pia yamebeba sehemu ya virutubisho ulivyolipia. Ukungu wa juu ni kisa tofauti: huo huhitaji hewa, maana yake nailoni haikulala moja kwa moja juu ya mzigo, au panya walipita, au mzigo uliposhuka uliacha uwazi.

Ndiyo maana ushauri wa urea siuungi mkono hata kidogo. Urea huwekwa kwenye mabua au majani makavu ya mpunga kwa sababu hayo yana protini kidogo mno. Machicha yanayo ya kutosha. Ukiongeza urea unaongeza amonia, amonia inaipinga asidi, na shimo litavunda haraka zaidi ya lile la mwezi wa nne. Tena urea ikikusanyika mahali pamoja, ng'ombe anaweza kufa siku hiyohiyo. Chumvi haina madhara hayo, lakini kwa kiasi ambacho ng'ombe anaweza kula haizuii kuoza. Mpe chumvi kwenye jiwe la kulamba.

Tunachotafuta basi ni sukari, ukavu, na mahali pasipo hewa.

Sukari unaweza kuipata kwenye molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikitengenezwa. Watu wa kaskazini mna bahati, kiwanda cha sukari cha TPC kiko Moshi na molasi inapatikana kwa wauza vyakula vya mifugo. Kilo tatu hadi tano kwa kila kilo 100 za machicha zinatosha. Iongezee maji ya moto kidogo tu ili imwagike, usiifanye chai, maana maji tayari ni mengi. Lakini maganda ya nanasi yana sukari yake tele, na unayapata bure au kwa bei ya kubeba. Protini yake ni ndogo mno, asilimia tano hivi ukiondoa maji, ndiyo maana peke yake hayamfai ng'ombe wa maziwa. Ukiyaunganisha na machicha, kila kimoja kinaleta ambacho mwenzake hana. Kule Thika, kwenye mashamba na viwanda vya nanasi, wafugaji wamelisha mabaki ya nanasi kwa miaka mingi, kwa hiyo si jambo la kubahatisha.

Tatizo ni kwamba maganda yana maji kuliko hata machicha. Ndiyo sababu kitu cha tatu, kikavu, hakikwepeki: mabua ya mahindi yaliyokatwa vipande vya sentimita mbili tatu, au pumba za mahindi, au mchanganyiko wa hivyo viwili. Kwa kuanzia chukua kilo 60 za machicha, kilo 20 za maganda ya nanasi yaliyokatwakatwa, na kilo 20 za mabua makavu. Hapo kwenye kila kilo 100 unapata kama kilo 33 za chakula kikavu, ambako ndiko tunakotaka, yaani kati ya 30 na 35. Protini itakuwa asilimia 13 hivi ya hicho kikavu ukitumia mabua, na kama 16 ukitumia pumba. Pumba zinalisha zaidi, mabua ni rahisi zaidi na yanampa ng'ombe cha kucheua. Kwako ningegawa nusu kwa nusu.

Wakati wa kuchanganya usitegemee mizani peke yake, kwa sababu machicha ya leo yanaweza kuwa majimaji kuliko ya wiki iliyopita, hasa yakisafiri chini ya mvua. Chukua konzi moja ya mchanganyiko, ikamue kwa nguvu ukihesabu hadi thelathini, kisha fungua mkono. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza kikavu. Donge likibaki limeshikana na kiganja kimelowa bila kudondosha, acha. Likifumuka hapohapo kama pumba tupu, umezidisha kikavu, na hilo nalo ni baya, kwa sababu halishindiliki na hewa inabaki ndani.

Kuhusu mahali pa kuweka, shimo ulilochimba ni kubwa mno kwa ng'ombe watatu. Sileji huharibika pia baada ya kufunguliwa: kila siku hewa inapenya uso ulioukata, na usipoondoa tabaka nene kila siku, ukungu unakutangulia. Mwenye ng'ombe thelathini anakimbizana na hewa na kushinda. Wewe huwezi. Tumia mapipa ya plastiki ya lita 200, yale ya bluu yenye mfuniko unaobanwa kwa pete. Pipa moja likishindiliwa vizuri linabeba kilo 150 au zaidi za mchanganyiko huu. Wanaokamuliwa wakila kilo 10 kila mmoja na mwenye mimba kilo 5, pipa linaisha ndani ya siku sita. Unafungua lingine. Likiharibika moja, umepoteza moja. Ila uliza pipa lilibeba nini kabla. Lililokuja na dawa za mashambani au kemikali za kiwandani liache huko, hata uambiwe limeoshwa mara kumi.

Chini ya pipa tandika mabua makavu unene wa kiganja yanyonye maji yatakayoshuka. Jaza tabaka za sentimita 15 hivi, na kila tabaka ingia ulikanyage kwa miguu safi au ulipondeponde kwa mti mzito, ukianza pembeni kuelekea katikati, maana hewa hujificha kwenye kuta. Jaza hadi juu kabisa, tandika nailoni moja kwa moja juu ya mzigo, funga mfuniko. Yote yafanyike siku moja, na siku ileile Canter ilipofika. Machicha yaliyolala siku tatu uani kisha yakawekwa pipani ni machicha yaliyooza ndani ya pipa. Nalisisitiza hili kwa sababu nakutana nalo sana: mtu anaweka sileji masalia yaliyomshinda kulisha. Sileji inahifadhi ulichoweka, haikitengenezi upya.

Acha pipa kivulini kwa wiki tatu hadi nne. Ukifungua, rangi iwe ya kahawia hafifu, harufu iwe chachu yenye utamu kama matunda. Karatasi za kupimia pH ni za bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya maabara, ikisoma 4.2 au chini umefaulu, ikipita 5 usilishe. Ukungu, uwe mweupe, wa kijani au mweusi, ondoa sehemu hiyo pamoja na kiganja kizima cha kilicho chini yake, kwa sababu sumu yake hutangulia mbele ya unachokiona. Ukiwa umeenea, mwaga pipa zima.

Mpe ng'ombe kwa kupanda taratibu, kilo mbili siku za mwanzo, ukifika kilo kumi baada ya wiki mbili hivi. Vijidudu vya tumboni vinahitaji muda kuzoea. Mpe baada ya kukamua, si kabla, na ndoo za maziwa zikae mbali. Maziwa yanashika harufu ya sileji upesi na mnunuzi ataanza maneno. Majani ya tembo (mabingobingo) au hei yabaki kuwa sehemu kubwa ya mlo. Wapo wanaopata machicha ya kutosha wakaacha kukata majani. Maziwa yanaweza hata kupanda kwa wiki moja mbili, kisha mafuta ya maziwa yanashuka, kinyesi kinakuwa laini, na miezi michache baadaye ng'ombe anaanza kuchechemea. Tumbo la ng'ombe haliendi bila nyuzi ndefu.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: machicha yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Wanaokamuliwa waongezee chokaa ya mifugo gramu 50 hadi 80 kwa siku pamoja na madini yao ya kawaida. Huyu mwenye mimba, wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa, asipewe chokaa ya ziada, kwa sababu mwili uliozoea kalsiamu ya bwerere hushindwa kuitoa kwenye mifupa siku ya kuzaa, na hapo ndipo ng'ombe anazaa halafu anashindwa kusimama.

Tuzungumze hiyo mimba. Machicha mabichi hayatoi mimba. Sileji iliyovunda au yenye ukungu inaweza: kuna bakteria aitwaye listeria anayeishi kwenye sileji isiyo na asidi ya kutosha, hasa iliyochanganyika na udongo, na kuna ukungu unaoweza kushambulia kondo la nyuma. Kwa hiyo jirani yako amekosea sababu, lakini kukuzuia usimpe kilichovunda amefanya vyema. Kumbuka pia kwamba huku kwetu ng'ombe akitupa mimba, chakula kisiwe cha kwanza kushukiwa. Ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, upo na unaambukiza watu. Ikitokea, usiguse kitoto wala kondo kwa mikono mitupu, na umwite daktari achukue damu.

Kwa usalama wa maziwa, kinachonitia wasiwasi zaidi ya machicha ni pumba utakazochanganya. Sumukuvu ya aflatoksini haifi kwa asidi ya sileji. Pumba zilizoota ukungu zikiingia pipani, sumu inatoka nayo, ng'ombe anaila, na sehemu yake inapita kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hii. Pumba zenye harufu ya ghala bovu zisinunuliwe kwa sababu tu "ni za ng'ombe".

Na gharama je? Usilinganishe bei za kilo kwa kilo, maana moja umeuziwa na maji. Chukua mfano: machicha yakikufikia kwa shilingi 150 kwa kilo, na kikavu ndani yake ni asilimia 22, kilo moja kavu imekugharimu kama 680. Pumba za shilingi 600 zenye ukavu wa asilimia 88 nazo ni kama 680. Bei sawa, lakini machicha yana protini zaidi ya mara mbili, kwa hiyo yanashinda. Ukimwaga nusu kama mnavyofanya sasa, imekuwa 1,360 na umeshindwa vibaya. Weka bei zako za kweli halafu uamue.

Nikuambie pia kwamba huenda sileji huihitaji kila msimu. Kama ninyi wanne mnaweza kuleta nusu ya mzigo mara mbili kwa wiki, mkayaacha yachuruzike maji kwenye sakafu yenye mwinamo na kuyafunika, mtamaliza kabla hayajaharibika, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kuanika juani kunafanya kazi vizuri Januari na Februari. Masika haiwezekani, na Julai ya Arusha yenye mawingu utayakuta yamelowa vilevile. Sileji ina maana kubwa pale mzigo unapokuja mwingi kwa mara moja, au unapotaka akiba ya miezi ya kiangazi majani yanapokuwa haba. Usitegemee maziwa yaongezeke maradufu. Tegemea kupunguza pumba na mashudu unayonunua, na maziwa yasishuke kiangazi.

Kuna watakaokuambia uchanganye na maganda ya kahawa kwa kuwa yamejaa huko kwenu. Yaache kwa sasa; yana tanini na kafeini, ng'ombe hayapendi, na kipimo chake kinahitaji uangalifu. Mashudu ya alizeti hayahitaji sileji, yalishe makavu. Na maganda ya nanasi yapekue mwenyewe kwa mkono kabla ya kukata, kwa sababu wakamua juisi hutupa humohumo mirija, vifuko na vifuniko, na plastiki tumboni mwa ng'ombe haitoki ila kwa kisu cha daktari.

Anza na pipa moja. Ukiwa na nafasi, pita chuo cha mifugo cha LITA pale Tengeru, hapako mbali nawe, uombe waliangalie pamoja nawe siku ya kufungua. Kuinusa sileji nzuri mara moja kunakufundisha kuliko maelezo yangu. Afisa mifugo wa kata akufikie bila kungoja kesho ukiona ng'ombe ameacha kucheua, tumbo la kushoto limejaa kama ngoma, anaharisha maji, au anasita kukanyaga. Akilegea miguu, akashindwa kumeza, mate yakamtoka na ulimi ukalegea baada ya kula sileji, simamisha sileji kwa wote na mpigie daktari usiku huohuo, hiyo inaweza kuwa sumu ya klostridia na saa zina thamani. Kituo cha TVLA Arusha, maabara ya mifugo ya serikali, wanapokea sampuli, kwa hiyo mabaki ya alichokula yasitupwe hadi daktari afike.

Yale yaliyobaki kwenye shimo la mwezi wa nne usiwape nguruwe wala kuku, wala mbuzi. Yachanganye na samadi kavu na majani ya migomba, yageuze mara mbili tatu, na baada ya miezi miwili mitatu yapeleke kwenye migomba.